Nguvu Walizomuuzia Mjukuu Wangu

Kila nikishuka Tunduma kununua chumvi na sabuni, masikio yangu hayapumziki. Karibu na stendi kuna kipaza sauti kimefungwa juu ya gari bovu, na toka asubuhi kinapiga kelele: nguvu za kiume, nguvu za kiume, baba usione haya, sogea. Watoto wa shule wanapita hapo. Wachungaji wanapita. Mimi na mvi zangu napita. Sijasikia hata siku moja kipaza sauti kile kikisema: keti, baba, unasumbuliwa na nini? Hakiulizi. Kinauza tu.

Naandika kwa hasira, nisiwadanganye. Shule niliishia darasa la nne, mengine nikayaokota kwenye elimu ya watu wazima, kwa hiyo mtanivumilia. Lakini haya ninayoyasema niliyaona kwa macho yangu, na mengine niliyafanya mwenyewe, ndiyo maana siwezi kunyamaza.

Mjukuu wangu wa kwanza, mtoto wa mwanangu wa kiume, ni fundi wa kuchomelea mageti pale Mpemba. Ni mtu mzima, ana miaka ishirini na saba, mikono yake inanyanyua chuma ambacho wengine wanakiburuta. Alioa mwezi wa kumi na moja, kahawa ikiwa imeshauzwa. Mke alimpata Momba, kwenye familia inayolima na kufanya biashara, yenye ndugu hata ng'ambo ya mpaka. Binti mtulivu, anayejua kazi.

Katika nyumba yetu hapa Igamba tuna desturi. Mke mpya haendi kukaa na mumewe mara moja. Anakaa kwanza kwa mama mkwe mpaka avune nasi kahawa ya msimu mmoja, tumjue naye atujue, ndipo wanapewa vyombo vyao waende. Kwa hiyo binti alikaa hapa nyumbani, na mjukuu wangu akawa anafanya kazi Mpemba, analala huko kwenye chumba cha kupanga, anakuja Jumamosi jioni na kuondoka Jumatatu alfajiri. Mimi pia nililetwa kwa desturi hiyo, na mkwe wangu, mama wa mjukuu huyu, pia. Hatukuwahi kujiuliza inamfanya nini mwanaume.

Kuna desturi nyingine pia, ambayo mnaijua wengi. Mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake. Baba yake hawezi kumwuliza mambo ya chumbani, mama yake ndiyo kabisa, ni aibu isiyofutika. Bibi anaweza. Bibi anatania, anatukana kidogo, anaomba sabuni na kitenge kama mke halali. Toka akiwa mtoto namwita mume wangu, naye ananiita mke wangu mkubwa. Na siku ya harusi bibi ndiye mwenye uwanja. Lazima amtanie bwana harusi mbele ya watu, asipofanya hivyo wageni watasema kuna ugomvi.

Basi nilisimama, nikachukua mwiko, nikacheza mpaka mbele ya meza yao. Nikamwambia bibi harusi: "Mke mwenzangu, leo nakukabidhi mume wetu. Lakini nisikufiche. Huyu ni jogoo wa kuwika mara moja tu! Ukichelewa kuamka, imekula kwako!"

Watu waliangua kicheko. Wanawake wenzangu wa kanisani walikuja kunitunza. Mjukuu wangu naye alicheka, meno nikayaona. Nikarudi kukaa nikijiona nimefanya kazi.

Ikapita miezi minane. Kahawa ikaiva, tukachuma, tukamenya, tukaanika. Nilikuwa naona mambo, lakini nilikuwa naona bila kuelewa. Mjukuu wangu alianza kuja Jumapili badala ya Jumamosi. Mara akasema kazi zimebana, wiki mbili haji kabisa. Akija anakula kimya. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, akaacha, akasema koo linamsumbua. Siku moja mkewe alimuuliza kama aongeze mboga, akajibu kwa ukali mpaka baba yake akainua kichwa. Mimi nikasema moyoni, huyu kapata mwanamke Tunduma. Mji ule wa malori, nani asingesema hivyo?

Kisha akaja shangazi wa binti, dada wa baba yake, anauza vitenge Vwawa. Kwao shangazi ana haki ya kumwuliza mwali anaishije na mumewe, na mwali ana wajibu wa kujibu. Akamchukua binti mpaka nyuma kwenye migomba, wakakaa huko muda wa kuchemsha maharage. Aliporudi uso ulikuwa umebadilika. Hakukaa. Alimwambia mkwe wangu akiwa amesimama:

"Mama, Jumamosi wazee wetu watakuja. Binti yetu hakuolewa aje kukaa na kaka yake."

Mkwe wangu ungo ulimtoka mikononi. Kila mtu mzima anaelewa neno hilo. Maana yake wanakuja kumchukua binti, na kabla ya kumchukua, mwanaume atajadiliwa mbele ya baba yake na mbele ya wakwe zake, na atakapotoka hapo habari itakuwa imeshafika Mpemba kabla yake. Nimewaona wanaume waliojadiliwa hivyo. Mmoja alihamia Sumbawanga, mpaka leo hajarudi hata kwa msiba.

Nikamwita mjukuu wangu kwa simu. Akaja Alhamisi.

Nilimpeleka kwenye kichanja tuchambue kahawa, mimi upande huu, yeye upande ule. Ukitaka mwanaume aseme, mpe kazi ya mikono na usimtazame usoni. Tulichambua, tukatupa mbovu, jua likipiga mgongoni.

"Mume wangu," nikaanza, "nasikia mke mwenzangu anataka kuniachia wewe peke yangu. Mimi uzee huu sikuwezi. Umemfanya nini?"

Hakucheka. "Bibi, leo usinitanie."

"Basi sitanii. Sema."

Alichambua kiganja kizima kabla ya kujibu. "Mimi si mwanaume."

"Nani kakwambia?"

"Wewe."

Niliacha kazi. Nikamtazama.

"Siku ya harusi," akasema. "Jogoo wa kuwika mara moja."

"Ule si ulikuwa utani!"

"Najua ulikuwa utani, bibi. Hata mimi nilicheka. Lakini nilipoingia chumbani nilikuwa naisikia ile sauti yako na vicheko vya watu. Nikasema isije ikawa kweli. Na ikawa kweli. Nikifika tu, nimemaliza. Wiki iliyofuata nikaja nikiwa na hofu toka barabarani, ikawa vilevile. Sasa hata nikiwa kazini nikikumbuka kwamba kesho ni Jumamosi, jasho linanitoka."

"Na mkeo anasemaje?"

"Simpi nafasi ya kusema. Nageukia ukutani."

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nimeishi miaka mingi, nimezika mume na watoto wawili, lakini neno hilo moja, "wewe", lilinikalisha.

Akaniambia mengine. Alikuwa amekwenda kwenye kipaza sauti. Alifungua koti akanionyesha: unga wa kahawia kwenye karatasi, chupa ya maji yenye mizizi ndani, na mafuta ya kupaka yenye harufu ya betri. Akinywa ule unga moyo unadunda kama jenereta, masikio yanalia, usingizi haupo. Siku moja akiwa amepanda ngazi anachomelea juu ya geti, akaona giza. Alishikilia chuma chenye moto, kiganja kikaungua. Hiyo ndiyo bandeji niliyokuwa nimeiona mwezi mzima nikidhani ni ajali ya kawaida ya kazi.

"Aliyekuuzia alikuuliza nini?"

"Aliniuliza nataka chupa kubwa au ndogo."

"Hakukuuliza unaumwa nini?"

"Hakuuliza."

"Basi mimi nakuuliza, na tusioneane haya, mimi ni mkeo. Jiko halishiki moto, au chungu kinafurika?"

Alinitazama. Kwa mara ya kwanza siku ile mdomo wake ulicheza kidogo. "Kinafurika, bibi. Hata unga sijaweka."

"Chungu kinafurika, nao wakakuuzia kuni!"

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Kila anayepika ugali anajua. Maji yakifurika unapunguza moto, unatulia, unaanza upya. Huongezi kuni. Lakini mji mzima, pamoja na wakubwa wanaovaa tai, una neno moja tu kwa kila shida ya mwanaume: nguvu. Aliyepungukiwa nguvu, nguvu. Aliyenazo tele ila anawahi, nguvu. Mwenye hofu, nguvu. Mwenye huzuni, nguvu. Tumewafundisha watoto wetu wa kiume kwamba mwili wao ni mashine ya kusaga, ikisimama unaipiga teke.

Na sisi wanawake tusijifiche nyuma ya mlango. Nilipoolewa mimi, wanawake walionifunda walinieleza namna ya kupiga goti, namna ya kumpakulia mkwe, namna ya kukunja shuka. Kuhusu mwanaume waliniambia sentensi moja: mwanaume hashindwi, ukiona ameshindwa amerogwa au ana mwingine. Basi nikaingia kwa mume wangu na elimu hiyo.

Mume wangu, Mungu amrehemu, naye alikuwa anawahi. Leo ninalo neno la kusema, wakati ule sikuwa nalo. Alilelewa kwa kaka yake, kwenye nyumba ambayo kila kitu alikifanya haraka kabla hajafokewa: kula haraka, kuoga haraka, kulala haraka. Hata kwangu alikuja na haraka hiyo. Mara ya kwanza nikanyamaza. Mara ya pili nikanyamaza. Mara ya tatu nilicheka. Sikucheka kwa ubaya, nilicheka kama msichana anavyocheka kitu asichokielewa.

Baada ya hapo alianza kukaa kwenye pombe mpaka watu wote walale. Mgongo ukawa unamuuma kila siku. Alinipiga kofi kwa sababu ya chumvi, mtu ambaye hakuwahi kunigusa. Halafu akavuka mpaka akaenda kutafuta kazi migodini Zambia, akakaa miaka miwili na zaidi. Kijiji kikasema ana mke huko. Na mimi nikasema ana mke huko. Alirudi na baiskeli na blanketi, hakuwa na mke wala mtoto. Tulikuwa wawili tuliochoka, hakuna aliyekuwa akituharakisha tena, mambo yakakaa yenyewe, tukazaa. Mwaka aliokufa, akiwa amelala na mimi nikimlisha uji, aliniambia bila hata kunitazama: "Ule mwaka nilikwenda kwa sababu ulicheka."

Miaka yote ile alikuwa amelibeba. Nami sikumwambia mtu yeyote, hata mwanangu.

Sasa mniambie, baada ya kujua hilo, mimi mwenyewe nilisimama na mwiko mbele ya watu nikacheka tena. Nani mjinga?

Ijumaa asubuhi tulipanda gari kwenda Vwawa, hospitalini. Mjukuu wangu alitaka kushuka njiani mara mbili, nikamshika mkono kama mtoto wa chekechea. Daktari aliyetupokea alikuwa binti, mdogo kuliko yeye. Nikaona mjukuu wangu anatazama mlango. Nikaanza kueleza mimi.

Yule daktari akaniuliza: "Bibi, wewe ndiye mgonjwa?"

"Siyo mimi."

"Basi naomba utupishe."

Nilitolewa nje! Nilikaa kwenye benchi nikinung'unika mpaka mama mmoja mwenye mtoto akasogea mbali. Walikaa humo muda mrefu. Ndipo nikaitwa, kwa ruhusa ya mjukuu wangu mwenyewe, na daktari akasema naweza kuuliza.

Nikauliza niliyoyasikia maisha yangu yote. "Ni laana?"

"Siyo laana."

"Ni ile michezo ya peke yao ya ujanani?"

"Bibi, wakiwa wanaogopa kukamatwa wengine hujizoesha haraka, hilo lipo. Lakini mchezo wenyewe haumharibu mtu."

"Basi ni nini?"

Alinieleza polepole, na namshukuru kwa hilo. Alisema mwili wa mtu mwenye hofu ni kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Anayekimbizwa na mbwa hawezi kula taratibu. Hofu inauwahisha mwili, kuwahi kunaleta aibu, aibu inazaa hofu kubwa zaidi ya mara ijayo, na hivyo inazunguka kama ng'ombe aliyefungwa kwenye nguzo. Wengine wameumbwa hivyo toka mwanzo. Wengine inawapata katikati ya maisha, na hapo kuna mara inatokana na tezi ya shingoni, au maambukizi kwenye tezi dume, au nguvu zinapungua kweli na mtu anaharakisha kabla hazijamwacha. Ndiyo maana lazima mtu aulizwe na apimwe. Mjukuu wangu alipimwa mkojo na damu. Vilikuwa salama.

"Lakini kaa wiki mbili bila mkeo, kisha uje na hofu," akasema daktari, "hata mwenye afya atawahi. Na halafu, bibi, nimemuuliza wanalala wapi."

Nikaona mjukuu wangu anatazama viatu.

"Kuta za nyumba yetu hazifiki kwenye bati," akasema kwa sauti ndogo. "Baba akikohoa tunamsikia. Na bibi husali kwa sauti."

Jamani. Husali kwa sauti, ndiyo. Nawaombea wote kwa majina, na yeye na mkewe nilikuwa nawaombea uzazi, kwa sauti, upande wa pili wa ukuta, Jumamosi zote hizo.

Daktari alimwambia aache unga, mizizi na mafuta, vyote, siku hiyohiyo, maana hakuna anayejua vimechanganywa na nini. Akasema arudi na mkewe. Kuna namna ya kujifunza wawili, kusimama na kutulia na kuanza tena, bila haraka ya kushinda mtihani, na inachukua majuma, siyo siku moja. Isipotosha kuna dawa, lakini atampa yeye baada ya kumuona, siyo mtu wa juu ya gari. "Na wapo wengi," akamwambia. "Wanakaa kwenye kiti hicho hicho kila mmoja akidhani yuko peke yake."

Tukarudi. Lakini kesho yake ilikuwa Jumamosi, na wazee wa Momba hawakuwa wamesikia lolote.

Walikuja baba wa binti, baba yake mdogo na yule shangazi. Walikaa sebuleni. Mwanangu alikaa mbele yao, kichwa chini. Mjukuu wangu aliwekwa kwenye kigoda karibu na mlango. Binti, kwa desturi, alikuwa jikoni. Mwali hasemi kikaoni.

Shangazi akaanza. Alizunguka, akapita kwenye mashamba, kwenye mvua na mbegu, akafika: binti yetu analala njaa kwenye nyumba yenye ghala. Mwanangu hakuinua macho. Baba mdogo, mtu mwenye tumbo na kicheko kirefu, akamgeukia mjukuu wangu.

"Kijana, nasikia mageti yako ni imara. Hili la nyumbani mbona linajifunga lenyewe kabla mtu hajaingia?"

Akacheka peke yake. Mjukuu wangu aliinuka nusu, akitaka kutoka nje, na nilijua akitoka hatarudi.

"Kaa chini," nikamwambia. Kisha nikamgeukia yule mzee. "Baba, umemaliza kucheka? Kama bado, cheka, tunakusubiri. Mimi nilicheka kama wewe, nikampoteza mume miaka miwili."

Mwanangu akainua kichwa. "Mama?"

"Baba yako hakuwa na mke Zambia. Alikuwa na shida hii hii, na mimi nilimcheka. Alinieleza akiwa anakufa. Nimenyamaza kwa aibu, na kunyamaza kwangu kumemfikia mwanao. Na huyu," nikamwonyesha mjukuu wangu, "kamba mguuni nilimfunga mimi, siku ya harusi, mkiwa mnapiga vigelegele. Sasa mnakuja kumwuliza kwa nini hakimbii!"

Nikawaeleza hospitali. Nikaeleza kwa Kiswahili cha wazi, bila mashamba na mbegu. Baba wa binti alikuwa akikuna goti, lakini alikuwa anasikiliza. Shangazi hakupenda.

"Bibi, maneno ya hospitali tumeyasikia. Sisi tunasema kilichosemwa na binti."

"Binti aitwe basi."

"Mwali hasemi kikaoni. Mimi ndiye mdomo wake."

"Mdomo wake, lakini meno ni yako, mwanangu!"

Na hapo, kutoka jikoni, juu ya ukuta usiofika kwenye bati, ikaja sauti. Haikuwa kubwa. Hakuingia kikaoni, hakuvunja desturi ya mtu. Alisema akiwa kwenye jiko lake.

"Shangazi, mimi sikusema nataka kuondoka."

Mwiko uligonga sufuria.

"Uliniuliza, nikajibu. Hujaniuliza kinachoniumiza. Haongei nami. Akimaliza ananipa mgongo kama mtu niliyemwibia. Kama ni ugonjwa angeniambia, tungeugua wote. Mimi nilidhani hanitaki."

Nilimtazama mjukuu wangu. Machozi yalikuwa yanashuka, na hakuyafuta. Mwanaume mzima, mbele ya wakwe zake, na hakuna aliyemcheka, hata yule mwenye tumbo.

Baba wa binti alikohoa muda mrefu kuliko kikohozi kinavyohitaji. "Sisi tulikuja kuchukua," akasema mwishowe. "Lakini mwenye mzigo hajafunga mzigo. Tule, turudi." Wakala. Shangazi alikula kidogo, na mimi sikumbembeleza.

Jumatatu mume na mke walikwenda kwa daktari pamoja. Jioni yake nikamwambia mkwe wangu awape vyombo vyao waende Mpemba wiki hiyohiyo. Alikataa. "Mama, msimu haujaisha! Kahawa iko kichanjani! Desturi je?"

"Kahawa nitachambua mimi. Desturi iliyomnyima mtu mke wake siku tano kati ya saba, na ikamletea ukoo mzima kusikiliza siku mbili zilizobaki, mimi ndiye mkubwa hapa, naifuta." Na nikaifuta. Nilichambua peke yangu mpaka vidole vikapasuka, na nilistahili.

Sasa wako Mpemba, chumba na sebule, kuta zinafika juu. Watu hawachoki. Kanisani wananivuta kando: bibi, vipi, amepona? Anaweza sasa? Wanauliza kama wanaouliza bei ya nyanya. Wale wale waliokuja kunitunza siku ile ya mwiko. Nawaambia waende wakawaulize waume zao, kama wanathubutu.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwatembelea. Mjukuu wangu alikuwa akimweleza mkewe habari za geti la mteja msumbufu, anaeleza kirefu, anachora hewani kwa kidole, na mkewe anamkatiza na kumsahihisha. Nilikunywa chai yangu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ubibi sikutania. Sikuuliza kitu.

Juzi shangazi alinipigia simu kutoka Vwawa. Sauti ilikuwa ya asali.

"Shikamoo bibi. Nilikuwa nataka kujua tu, kule kwa watoto. Kuna dalili yoyote?"

"Dalili ya nini?"

"Bibi nawe! Si unajua. Au nimpigie binti nimuulize mwenyewe?"

"Mpigie," nikamwambia. "Mwulize amekula nini, mwulize kama mumewe amerudi kazini salama. Hilo lingine usimwulize. Akitaka kukwambia ana mdomo wake, uliusikia."

Nikakata simu.